Wazazi, Tazameni Udongo



Mwezi wa Agosti ukifika hapa kwetu Kipushi, baba na mama wengi huanza kuzunguka mitaani wakitafuta mahali pa kumweka mtoto wao mdogo, yule wa miaka mitatu au minne. Wanasimama mbele ya malango yaliyopakwa rangi nzuri na picha za simba na maua. Wanauliza: "Je, hapa mnafundisha Kifaransa?" Halafu: "Nguo za masomo ni za namna gani?" Na siku hizi kuna swali la tatu, nalo ni kama mwishoni mwa mwaka watoto watavikwa joho na kofia ya pembe nne, kama wanafunzi wakubwa wa Lubumbashi wanaopokea diploma. Wakijibiwa ndiyo mara tatu, wanatoa feza yao na kurudi nyumbani wenye furaha.

Mimi nasema wazi: maswali hayo matatu hayafai kitu. Mwenye kuyauliza anajinunulia heshima yake mwenyewe mbele ya majirani, wala hamtafutii mtoto wake mahali pa kukaa. Kwani mtoto wa miaka mitatu hashindi na Kifaransa kutwa. Anashinda na udongo. Anaukalia, anauchimba kwa vidole, anaangusha mkate wake juu yake, kisha anauokota mkate na kuula. Na udongo huo ni udongo wa Kipushi.

Tuseme basi juu ya udongo huo, maana tumeuzoea hata hatuuoni tena.

Mji wetu ulizaliwa na mgodi. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilichimba hapa shaba na zinki katika mgodi ulioitwa Prince Léopold, na baada yake Gécamines ikaendelea hata mwaka 1993, kazi iliposimama. Lakini jiwe la Kipushi halina shaba na zinki tu. Lina pia risasi, ile metali nzito ambayo mafundi wetu huiita plombi, tena lina kadimiamu na arseniki. Kwa karibu miaka 70 mawe yalipandishwa juu, yakasagwa kuwa unga, metali yenye bei ikatolewa, na unga uliobaki ukamwagwa pembeni mwa mji. Upo hadi leo. Kiangazi, upepo ukivuma, mnajua wenyewe namna mavumbi yanavyoingia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Mwaka 2009 daktari Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven katika Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kazi yao. Walipima mkojo wa watu wa Katanga ya kusini. Wale waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha walionekana kuwa na kobalti, risasi, kadimiamu na urani nyingi mwilini kupita wale waliokaa mbali. Na kobalti ilizidi zaidi kwa watoto kuliko kwa wakubwa. Kwa nini watoto? Jibu lake hahitaji mtaalamu, anahitaji mama aliyewahi kumwangalia mtoto akicheza. Mtu mzima anavuta mavumbi kwa pua. Mtoto anayavuta kwa pua na kuyala kwa mkono.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kipimo cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Linasema tena kwamba mtoto mdogo, akimeza risasi, mwili wake huipokea mara 4 hadi 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Na metali hiyo inakwenda wapi? Inakwenda katika mifupa, na inakwenda katika ubongo. Inapunguza akili ya mtoto, inamfanya asitulie, inamchelewesha kujifunza. Haileti homa wala kutapika tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hakuna anayempeleka hospitali. Miaka inapita, mwalimu wa masomo ya msingi anasema, "Huyu mtoto ni mzito," na baba anamchapa.

Tazameni sasa mambo yalivyo! Baba analipa feza ili mtoto apate akili, kisha anamkalisha mahali ambapo kitu kinachokula akili kimelala chini yake. Hasira yangu yote inatoka hapo.

Mtu ataniuliza: "Je, mwalimu wa dini, wewe ni daktari?" Hapana, si daktari. Wala sisemi kwamba Kipushi ni kama Kabwe, ng'ambo ya mpaka, katika Zambia, mji ambao mgodi wake wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, na watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye bado wanakutwa na risasi katika damu. Kabwe jiwe lao na letu hayalingani, na walikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi yenyewe. Lakini Kabwe inatufundisha jambo moja: mgodi ukifungwa, mavumbi hayafungwi pamoja nao. Mwenye akili akiona nyumba ya jirani inaungua, hangoji apewe barua ndipo achote maji.

Na maji ndiyo neno lenyewe. Dawa ya mavumbi haya kwa mtoto mdogo si ya ajabu. Ni maji ya kunawa, pamoja na sabuni, kabla ya kila chakula na kila mara anapotoka kucheza. Ni uwanja uliopandwa majani au uliofunikwa simenti, usiwe mchanga mtupu. Ni kufagia baada ya kunyunyiza maji, si kufagia kukavu kunakoinua wingu zima, na watoto wamekaa katikati yake. Ni mkeka unaokung'utwa nje kila asubuhi. Ni chakula kinachowekwa mezani, hata meza ya mbao chakavu, kisiwekwe chini. Tena ni chakula chenyewe, kwani mtoto mwenye njaa na upungufu wa chuma mwilini hupokea risasi kwa upesi zaidi: basi maharagwe, lengalenga, ndagala, siyo biskuti tu na maji ya sukari yenye rangi.

Haya ndiyo ya kuuliza pale langoni. Nani anayauliza?

Mwaka uliopita nilikwenda kutazama mahali pamoja, kwa kuwa ndugu mmoja wa jumuiya yetu aliniomba nimsindikize. Sitapataja. Lango lilikuwa zuri kweli. Mama mkuu wa pale alitupokea kwa adabu, akamsimamisha mtoto mmoja wa kike mbele yetu, naye akataja siku saba za juma kwa Kifaransa bila kukosa hata moja. Tukapiga makofi. Kisha nikasema, "Mama, asante. Sasa tuonyeshe mahali wanaponawa mikono." Akanitazama kama mtu aliyeombwa aonyeshe chumba chake cha kulala. Bomba lilikuwa kavu. Kulikuwa na ndoo moja, haina kifuniko, na kikombe kimoja, kwa watoto 70 na zaidi na walezi wawili. Nyuma ya nyumba uwanja ulikuwa mchanga mwekundu mtupu, na mlezi mmoja alikuwa akiufagia ukiwa mkavu, watoto wanakohoa. Nilipouliza tena, mama yule alinijibu kwa sauti ya upole: "Mwalimu, hapa ni masomo, si hospitali."

Jibu hilo limekaa moyoni mwangu, kwa kuwa wazazi wengi wangelijibu vivyo hivyo. Kwa mawazo yao, masomo ni maneno. Mwili wa mtoto ni kazi ya nyumbani au ya daktari. Lakini mtoto wa miaka mitatu hagawanyiki hivyo. Yeye anajifunza kwa mikono na miguu na kinywa. Mwitalia Maria Montessori, ambaye alikuwa daktari kabla ya kuwa mwalimu, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, mjini Roma, tarehe 6 Januari 1907. Wazazi wa mtaa ule walikuwa wakienda kazini tangu asubuhi, na watoto wakibaki wenyewe, wakichafua ngazi na kuta. Yeye hakuanza kwa kuwakaririsha. Aliwapa meza na viti vya kimo chao, akawafundisha kunawa, kufuta vumbi, kujivalisha, kupanga vitu. Kusoma kulikuja baadaye, tena kwa upesi uliowashangaza wengi. Hivyo hata mwenye tamaa ya masomo hana haki ya kudharau ndoo ya maji.

Je, nachukia Kifaransa? Sivyo. Mimi mwenyewe nilisoma seminarini, na Kilatini nilikikariri hata usiku ndotoni. Lakini nilikuwa kijana wa miaka 14, mwenye lugha yake kichwani, ambaye aliweza kuuliza, "Neno hili maana yake nini?" Mtoto mdogo hawezi kuuliza kwa lugha asiyokuwa nayo. Watoto wanakuja kwangu katika katekesimo wakiwa na miaka minane au tisa. Wengine walipita katika hizo maternele za Kifaransa tangu siku ya kwanza. Wanaimba vizuri. Nikimwuliza mmoja anisimulie kwa Kiswahili jambo alilofanya jana, anaanza, anakwama, anachanganya, ananyamaza. Hawajakosa akili. Walifungwa kinywa wakati ule ambapo kinywa kilitaka kufunguka. Sheria ya elimu ya nchi yetu, ya tarehe 11 Februari 2014, inaweka maternele kuwa ya watoto wa miaka 3 hadi 5, na inazikubali lugha za nchi kuwa lugha za kufundishia. Kumbe sheria ina huruma kuliko sisi wazazi!

Kuna jambo lingine katika hili la lugha. Mtoto asiyeelewa mlezi wake hawezi kumwambia kwamba tumbo linamwuma, kwamba mwenzake amemwuma, kwamba mtu mmoja amemshika vibaya. Akina baba, lifikirini hilo kabla ya kujisifu kwamba mtoto wenu haruhusiwi kusema Kiswahili ndani ya ukuta.

Sasa wazee wetu watanijibu kwa njia nyingine. Watasema: "Shida yote inatoka kwa akina mama wa leo. Zamani, siku za kampani, mama alibaki nyumbani na mtoto wake. Hatukuhitaji mambo hayo." Neno hili linasemwa sana mbele ya kanisa baada ya misa, na wanaolisema ni watu ninaowaheshimu. Lakini wamesahau nusu ya habari. Ni kweli kwamba Union Minière, tangu mwisho wa miaka ya 1920, ilitaka mfanyakazi akae na mke wake na watoto wake kambini. Daktari Mottoulle alikuwa mmoja wa wenye kuongoza siasa hiyo. Kampani ilikuwa na nyumba za uzazi, ilipima watoto wachanga, iliwapa chakula, ilisaidia masomo ya misioni. Si kwa mapendo tu. Ilijitengenezea wafanyakazi wa kesho, nayo haikuficha hesabu hiyo. Ndiyo maana watu walikuwa wakisema, "Gécamines njo baba, njo mama." Basi mama wa zamani hakuwa peke yake nyumbani. Nyuma yake alisimama mama mwingine, mwenye mizani, maziwa na unga.

Mama huyo wa pili alikufa. Mwaka 1993 mgodi wa Kipushi ulisimama. Mishahara ilichelewa, kisha ikakatika. Katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na kila nyumba ya hapa inajua hiari hiyo ilikuwa ya namna gani. Nani alilisha watoto miaka ile? Baba alikaa mbele ya mlango akingoja redio itangaze malipo. Mama alikwenda shambani, alikwenda sokoni, alivuka mpaka na kurudi na unga wa Zambia kichwani. Hadi leo anakwenda. Mgodi ulianza tena kutoa zinki mwaka 2024, lakini si kila nyumba iliyopata kazi, na mama hawezi kuliacha soko lake kwa ajili ya matumaini.

Basi mtoto akae na nani? Nyumba nyingi zimejibu: akae na dada yake. Msichana wa miaka tisa anafungwa mtoto mgongoni. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali hayalipiwi, na nafasi ya msichana huyo kalasini ipo. Anayekosekana ni yeye mwenyewe, kwa kuwa mikono yake imeshika mdogo wake. Kumtukana mama anayetafuta maternele ni kumtukana pia msichana huyo. Mimi siko pamoja na wanaotukana. Mahali pazuri pa kulelea watoto wadogo ni haki na ni faida kwa nyumba nzima. Kwa sababu hiyohiyo nakasirika nikiona mahali pabaya panauzwa kwa jina la pazuri.

Nao wako wanaosema: "Mimi nampeleka kwenye masomo yenye jina la mtakatifu, nimemaliza." Hapo lazima niseme jambo lisilopendeza, hata katika gazeti hili. Jina la mtakatifu juu ya mlango halizuii mavumbi kupita chini yake. Masista wengi wanafanya kazi hiyo kwa usafi unaotupa aibu sisi wa nyumbani, nami namshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini rangi na burashi zinauzwa sokoni kwa kila mtu, na jina la Bikira Maria halina mlinzi. Hata penye masista, ingia. Tazama. Sista wa kweli hatachukizwa na mzazi anayetaka kuona choo. Atafurahi kwamba hatimaye mmoja amekuja kuuliza.

Ingia saa nne ya asubuhi, siku ambayo hawakungoji. Hesabu watoto, hesabu walezi. Mlezi mmoja hawezi kunawisha mikono 60, hata akiwa malaika. Atawaamuru wakae kimya, nao watakaa kimya, na wewe utasema wana nidhamu. Uliza walezi hao wamekaa hapo tangu lini, kwani mahali wanapobadilika kila baada ya miezi miwili kuna sababu, na mara nyingi sababu ni mshahara usiofika. Hilo nalo linatuhusu: mzazi anayelipa joho na kukopa malipo ya mwezi anamfukuza mlezi mwema kwa mkono wake. Mtoto mdogo anampenda mtu, hapendi jengo. Akimpoteza mtu huyo mara tatu katika mwaka mmoja, hajifunzi siku saba za juma. Anajifunza kutomwamini yeyote.

Katika mtaa mmoja hapa namjua mama mmoja mzee mwenye watoto 12. Hana kibao, hana picha za simba. Ana chumba chenye simenti, mkeka, pipa lenye kifuniko na bomba dogo la plastiki, kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba ili kisipotee. Anawaimbia, anawasimulia hadithi za sungura, na wao wanamjibu kwa sauti. Hata hivyo siwaambii mkimbilie kila mama mwenye mkeka. Mama huyu mwenyewe hana karatasi ya serikali, na siku akiugua hakuna wa kumshika mahali pake. Ingefaa jumuiya za parokia zimsaidie: binti mmoja aliyesoma akae naye, orodha ya watoto iandikwe, sanduku la dawa liwepo, mkaguzi aitwe. Hiyo ni kazi ndogo kuliko sikukuu moja ya majoho. Feza ya majoho ya kalasi moja ingenunua pipa, mikeka na sabuni ya miezi mingi. Na mtoto aliyevaa joho akiwa na miaka mitano amemaliza nini? Hajaanza!

Limebaki jambo moja ambalo mzazi peke yake hawezi kulifanya. Macho hayaoni risasi. Uwanja unaweza kuwa safi kwa kutazama na kuwa mbaya kwa kupima. Lakini mji wetu hauna upungufu wa watu wanaojua kupima. Kampani iliyofungua tena mgodi inajua kusema kila jiwe lina zinki kiasi gani katika mia, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, chenye madaktari waliokwisha kupima watu, kiko umbali wa kilometa 30 hivi. Kuchukua vijiko vichache vya udongo katika kila uwanja wa watoto wadogo wa Kipushi ni kazi ya siku chache. Nawaomba wazazi wa kila parokia waandike barua, kabla ya Agosti, wakiomba upimaji huo kwa kampani, kwa chuo na kwa wakubwa wa eneo, watie sahihi zao, hata wale wanaotia dole gumba. Na matokeo yabandikwe langoni kwa Kiswahili, pale palipoandikwa sasa "Kifaransa tangu siku ya kwanza."